Kompyuta Iliyomo Ndani ya Kompyuta, Inapokataa Kuwaka

  Mwenye daftari na alifungue, na penseli iwe karibu, maana leo yako maneno mapya machache ambayo nitayataja polepole ili myaandike. Asiyewahi kuyaandika yote asisumbuke. Somo hili limepigwa chapa, na mwalimu atawapa karatasi mjisomee wenyewe.

Juma lililopita tulizungumza habari za kompyuta isiyowaka kabisa: unabonyeza kitufe, wala taa haionekani wala feni haivumi. Leo tuna shida ya namna nyingine. Kompyuta iliyo mezani ni nzima. Umeme upo, kioo kinang'aa, kipanya kinakwenda. Lakini ndani ya kompyuta hiyo imo kompyuta nyingine, na hiyo ya ndani ndiyo inayokataa kuamka.

Najua sasa wako watakaotazamana. Kompyuta ndani ya kompyuta, kama yai ndani ya yai? Hapana. Hakuna mtu aliyeingiza chuma ndani ya chuma. Kompyuta ya ndani ni programu tu, ila ni programu inayoigiza kompyuta nzima. Ina prosesa yake, ina diski yake, ina kioo chake ambacho ni dirisha moja tu katika kioo cha kweli. Unaweza kuitilia ndani mfumo wa uendeshaji, kama vile Windows au Linux, nao ukafanya kazi kana kwamba umewekwa katika mashine ya chuma. Kompyuta ya namna hiyo huitwa mashine pepe. Andikeni: mashine pepe. Wakulima wa mpunga mtacheka, maana kwenu pepe ni punje yenye ganda lisilo na kitu ndani. Hii yetu ni kinyume chake: ganda ndilo halipo, lakini kazi iliyomo ndani ni ya kweli, na ikipotea imepotea kweli.

Kompyuta ya mezani iliyobeba mzigo tutaiita mwenyeji. Mashine pepe tutaiita mgeni. Andikeni na hayo: mwenyeji, mgeni. Ndivyo wasemavyo wataalamu kwa lugha zao, na kwetu sisi maneno hayo yanakaa vizuri zaidi, kwa kuwa twajua mgeni ana haki gani na mwenyeji ana mzigo gani.

Jambo hili si la jana. Katika miaka ya 1960 kompyuta moja ilijaza chumba, bei yake ilikuwa kubwa mno, na watu wengi walingoja zamu ya kuitumia. Mafundi wa kampuni ya IBM huko Cambridge, katika jimbo la Massachusetts, Marekani, wakiongozwa na Robert Creasy, walitengeneza mfumo ulioitwa CP-40, ukaanza kazi mwaka 1967. Ulimpa kila mtumiaji mashine pepe yake, kila mmoja akajiona ana kompyuta nzima peke yake. Kompyuta ndogo za mezani zilipata jambo hilo baadaye sana. Kampuni ya VMware ilitoa programu yake mwaka 1999, na VirtualBox ikatoka mwaka 2007. Hii VirtualBox ndiyo nitakayoitaja zaidi leo, kwa kuwa inapatikana bila malipo na ndiyo niliyoizoea.

Sasa, kituo cha elimu ya watu wazima kina haja gani na mambo haya? Nitawaeleza yaliyonipata mimi.

Katika kituo kimoja nilichofanya kazi tulikuwa na programu ya zamani ya hesabu, iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows XP. Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP mwaka 2014, na kompyuta tuliyoletewa ilikuwa ya Linux. Programu ile haikukubali kuingia humo. Basi tukaweka mashine pepe, ndani yake tukatia Windows XP, na ndani ya Windows XP tukatia programu ya hesabu. Humo ndimo lilimokaa daftari la akiba la kikundi cha akina mama waliokuwa wanafunzi wetu. Kila Ijumaa mtunza hazina wao alikuja na daftari lake la karatasi chini ya kwapa, akanisomea majina na fedha, nami nikaandika.

Ijumaa moja nikawasha kompyuta. Mwenyeji akaamka. Nikabonyeza ili mgeni naye aamke. Windows ikaanza kujitokeza, kisha ikasimama, na ujumbe ukatokea juu ya kioo. Sikuusoma. Nakiri mbele yenu, mimi ninayekula mshahara kwa kufundisha watu kusoma, niliufunga ujumbe ule bila kuusoma. Nikaizima mashine kwa nguvu, nikaiwasha tena, ikasimama tena pale pale. Mara ya tatu ndipo niliposoma: diski ya mwenyeji imejaa.

Jambo dogo kabisa! Vijana walikuwa wamejaza sinema katika kompyuta. Ningefuta sinema mbili, kazi ingeendelea. Lakini sinema zile sikuziona. Nikatafuta faili kubwa, nikaikuta folda yenye faili mbili nzito, majina yake marefu ajabu, mchanganyiko wa tarakimu na herufi zisizotamkika, zimetiwa ndani ya mabano. Nikasema moyoni, hizi ni takataka. Nikazifuta. Tena kwa kuwa nilitaka nafasi upesi, nikamwaga na pipa la taka.

Tangu hapo mashine ile haikusimama tena katikati ya njia. Haikuondoka kabisa. VirtualBox ikasema haiwezi kuifungua, kwa kuwa sehemu ya diski yake haionekani.

Mtunza hazina alikuwa ameketi kwenye benchi ananitazama. Akaniuliza, "Mwalimu, bado zimo?" Hakuwa anauliza fedha. Fedha zilikuwa katika sanduku lao lenye kufuli tatu, kila kufuli na mwenye ufunguo wake. Alikuwa anauliza hesabu: nani ameweka kiasi gani, na nani amekopa. Sanduku lenye fedha zisizo na hesabu ni ugomvi unaongoja siku tu. Nikamjibu, "Mama, nipe nafasi kidogo nitazame." Lakini nilikuwa nimekwisha jua kwamba nimeharibu.

Nitarudi kwake. Kwanza tujifunze jinsi mgeni anavyoamka, maana asiyejua njia hawezi kujua mtu amekwama wapi.

Kuamka kwa kompyuta ni kama mbio za kupokezana kijiti. Mmoja anakimbia kipande chake, anampa mwenziwe kijiti, naye anapumzika. Wa pili anakimbia, anampa wa tatu. Kijiti kikianguka, swali la kwanza ni moja tu: kimeanguka mkononi mwa nani? Mtu akija kwako akasema, "Mashine haiwaki," hajakuambia kitu bado. Mwulize ameona nini juu ya kioo, na neno la mwisho lililoonekana lilikuwa lipi.

Mkimbiaji wa kwanza ni mwenyeji mwenyewe. Yeye ndiye anayefungua dirisha la mgeni, anampa kumbukumbu ya kufanyia kazi, yaani ramu, na anamletea diski yake. Ikiwa dirisha la mgeni halifunguki kabisa, au linafunguka na kufungika papo hapo, basi mgeni hajafanya kosa lolote, hata hajapewa kijiti. Msimguse. Mtazameni mwenyeji.

Katika mambo ya mwenyeji, moja huwashangaza watu sana. Prosesa za Intel tangu mwaka 2005, na za AMD tangu mwaka 2006, zilianza kutengenezwa na msaada maalumu kwa kazi ya mashine pepe. Lakini msaada huo una swichi yake. Swichi hiyo haiko nje. Imo katika bayosi, ile programu ndogo inayotangulia kila kitu kompyuta inapowashwa. Ikiwa swichi imefungwa, mashine pepe nyingi hukataa kuanza. Na wakati mwingine hujifunga yenyewe! Nimeona kompyuta ambayo mashine yake pepe ilifanya kazi mwaka mzima, halafu asubuhi moja ikagoma. Hakuna mtu aliyegusa kitu. Nikatazama saa ya kompyuta, nikaona imerudi nyuma miaka mingi. Hapo nikaelewa. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara, kama sarafu, inayotunza saa na mipango ya bayosi umeme usipokuwapo. Ilikuwa imekufa, na mipango yote ikarudi kama ilivyotoka kiwandani, swichi ile ikiwa imefungwa. Betri mpya ikanunuliwa, swichi ikafunguliwa, mgeni akaamka. Fundi mmoja alikuwa amekwisha shauri tununue kompyuta nyingine.

Kosa jingine la upande huu ni ukarimu usio na kipimo. Mwenyeji ana ramu ya gigabaiti 4; mtu anampa mgeni gigabaiti 3 na nusu ili aende mbio. Matokeo yake wote wawili wanatambaa, au mgeni haanzi kabisa. Mgeni akila chakula chote, mwenyeji atapata wapi nguvu za kumhudumia? Windows XP yetu ilitosheka na megabaiti 512. Mgeni wa siku hizi atahitaji zaidi, lakini daima mwachieni mwenyeji fungu lake.

Na diski. Sikilizeni vizuri hapa, kwa maana hapa ndipo nilipoanguka. Diski ya mgeni si chuma, ni faili. Faili moja kubwa iliyo ndani ya diski ya mwenyeji. Kwa kawaida huanza ndogo, hukua kadiri mgeni anavyoandika, na mwenyeji akiishiwa nafasi, mgeni naye hana pa kuandika, anasimamishwa. Mtu akiihamisha faili hiyo, au ikiwa imewekwa katika diski ya nje ambayo leo haikuchomekwa, mgeni hana diski. Chomeka, au irudishe ilipokuwa, shida imekwisha.

Mkimbiaji wa pili ni bayosi ya mgeni. Ndiyo, mgeni naye ana bayosi yake ya kuigiza. Hii hutafuta mahali pa kuanzia: hutazama diski ya santuri, hutazama diski kuu, wakati mwingine hutazama mtandao, kwa zamu iliyopangwa. Isipopata, huandika kwa Kiingereza maneno ambayo maana yake ni hii: hakuna chombo cha kuwashia. Watu wengi wakiona maneno hayo hudhani kila kitu kimefutika. Polepole. Mara nyingi diski ipo nzima, ila haikufungwa kwa mgeni huyu katika mipangilio. Fungueni mipangilio, mtazame kama jina la faili ya diski limeandikwa mahali pake.

Kuna na kinyume chake, nacho nakiogopa zaidi. Santuri ya kusimikia mfumo imesahaulika ndani. Santuri yenyewe nayo ni faili tu, lakini bayosi ya mgeni inaiheshimu. Basi kila mgeni anapoamka, anaanzia kwenye santuri, na kioo kinauliza: je, nisimike Windows upya? Mtu asiyeelewa anajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, mpaka diski yenye kazi yote imefutwa. Mkiona mashine iliyokuwa ikifanya kazi jana inauliza maswali ya kusimikwa leo, msijibu neno. Zimeni, mtoe santuri.

Yafaa pia mjue kwamba ziko njia mbili za kuanza. Ya zamani husoma kipande cha kwanza cha diski, baiti 512 tu, na huangalia mwishoni kama kuna alama mbili, 55 na AA, ndipo ikubali kwamba diski hii inafaa kuwashia. Njia mpya, iitwayo UEFI, hutafuta faili maalumu katika sehemu iliyotengwa. Mgeni aliyesimikwa kwa njia moja, mtu akabadili mipangilio kuwa njia nyingine, atasema hana chombo cha kuwashia ijapokuwa diski yake haina kasoro hata moja. Rudisheni mpangilio wa kwanza.

Mkimbiaji wa tatu anaitwa kipakizi. Kazi yake ni fupi: kuutafuta mfumo wa uendeshaji na kuupakia katika ramu. Katika Linux, kipakizi kinachojulikana zaidi ni GRUB. Kikipoteza njia, huacha kioo cheusi chenye neno lake na alama inayomweka tu, kikingoja amri. Katika Windows XP, utasoma kwamba NTLDR haipo. Ukifika hapa, angalau umejua kwamba mwenyeji ni mzima na diski imeonekana. Mara nyingi mtu amegawa diski upya, au amechomeka diski ya pili iliyochukua zamu ya kwanza.

Mkimbiaji wa nne ni kiini cha mfumo. Hapa twapata mfano mmoja mzuri, ambao umewapotezea watu wengi usiku mzima. Unahamisha faili ya diski ya Windows XP kwenda kompyuta nyingine. Unatengeneza mgeni mpya, unamfunga diski ile. Anaanza vizuri, alama ya Windows inaonekana, mara kioo kinakuwa cha buluu, na chini kuna nambari: 0x0000007B. Nambari hiyo husema kwamba kiini kimeamka lakini hakiwezi kuifikia diski kilimotoka. Kwa nini? Kwa sababu katika mashine ya kwanza diski ilifungwa kwa njia iitwayo IDE, na katika mashine mpya imefungwa kwa njia iitwayo SATA, na Windows XP ile haina kiendeshi cha njia hiyo, yaani programu ndogo ya kuiongoza. Ni kama mtu aliyezoea kuingia kwake kwa mlango wa uani. Umeuziba, umefungua mlango wa mbele, naye hana ufunguo. Nenda katika mipangilio, ifunge diski kwa IDE kama zamani. Sekunde chache tu, na watu walikuwa wamekwisha anza kusimika upya.

Wa tano ni huduma zote zinazofuata, mpaka mahali pa kuandika jina na neno la siri. Hapa shida ni nyingi na ndogo ndogo, nami sitazichambua. Nitasema moja tu: kuna mgeni wa Linux aliyeandikiwa kwamba ana diski ya pili, na diski hiyo imeondolewa. Ataingoja, mara nyingi dakika moja na nusu, halafu atakwenda katika hali ya dharura. Mtu asiye na subira humzima kabla ya dakika hiyo na nusu, akasema amekufa.

Kuna na yule aliyelazwa, si aliyezimwa. VirtualBox inaweza kuihifadhi hali ya mgeni kama alivyo, kazi zikiwa wazi, ili kesho aendelee pale pale. Hali hiyo huandikwa katika faili. Faili ikiharibika, labda umeme ulikatika wakati wa kuandika, mgeni hataamka. Hapo yafaa kuitupa hali iliyohifadhiwa, na programu ina amri yake ya kufanya hivyo. Ni sawa na kuchomoa waya wa kompyuta: kazi ambayo haikuhifadhiwa hupotea, lakini diski hubaki.

Nisisahau shajara. Kila mgeni ana shajara yake, faili ya maandishi iitwayo VBox.log, katika folda iitwayo Logs. Humo mwenyeji huandika kila alichofanya na kila kilichomshinda, pamoja na wakati wake. Maneno ni ya Kiingereza na mistari ni mingi, lakini hamhitaji kuisoma yote. Anzeni chini, mpande juu, mkitafuta neno lenye maana ya kosa au la kushindwa. Mkipiga simu kwa fundi, msomeeni mstari huo. Fundi aliyesomewa mstari mmoja wa shajara ana kazi ya robo saa. Aliyeambiwa "imegoma tu" ana kazi ya siku nzima, nanyi mtailipia.

Sasa nimrudie mama yule kwenye benchi.

Faili nilizozifuta zilikuwa nini? Majuma matatu kabla ya siku ile, mimi mwenyewe nilikuwa nimechukua picha ya hali. Andikeni: picha ya hali. Ni amri inayomwambia mwenyeji, "Ishike mashine hii kama ilivyo sasa, ili nikiharibu niweze kurudi." Ni jambo jema. Lakini watu wengi hudhani picha ni nakala iliyowekwa kando. Sivyo. Tangu dakika ile, diski ya msingi haiandikwi tena. Kila jipya linaandikwa katika faili nyingine, yenye lile jina refu la mabano, na mgeni husoma zote kwa pamoja, ya zamani na ya juu yake. Basi mimi nilipofuta zile takataka, nilifuta majuma matatu ya akiba za watu.

Diski ya msingi ilikuwa ipo. Nikaondoa sinema za vijana, nikainakili diski ile kwanza, safari hii sikuigusa ya asili, nikatengeneza mgeni mpya, nikamfunga nakala, kwa IDE. Akaamka. Hesabu zikaonekana, lakini za majuma matatu nyuma.

Nikamwambia mtunza hazina ukweli. Akanyamaza kidogo, kisha akalifungua daftari lake. Mama huyu aliingia darasani kwetu akiwa hajui kushika penseli. Herufi zake zilikuwa kubwa, zimepanda na kushuka, lakini kila jina lilikuwapo, na kila fedha ilikuwapo. Akasoma, nikaandika, mpaka tukawasha taa. Tulipolinganisha jumla, ya kwangu ilizidi ya kwake kwa shilingi elfu mbili. Nikamwambia huenda amesahau mstari. Akasema, "Hapana mwalimu, tazama kwako." Nikatazama kwangu. Nilikuwa nimeandika mchango wa mwanachama mmoja mara mbili, mwezi uliotangulia.

Kwa hiyo, wasikilizaji, kabla hamjafuta wala kutengeneza chochote katika mashine iliyogoma, fanyeni nakala. Si ya faili moja, bali ya folda nzima ya mgeni, pamoja na zile zenye majina ya ajabu, mgeni akiwa amezimwa kweli, wala hakulazwa. Wekeni katika diski ya nje. Ikiwa diski ya mgeni iko mahali pengine, nayo inakiliwe. Kisha mjaribu katika nakala. Tena, ikiwa zipo faili za picha ya hali, msiiwashe diski ya msingi peke yake. Ikibadilika hata kidogo chini yao, faili za juu hazilingani nayo tena.

Na ikiwa mgeni hataki kuamka kwa njia yoyote, lakini mnataka kazi iliyomo, si lazima aamke. Diski yake ni diski. Chukueni nakala yake, muifunge kwa mgeni mwingine aliye mzima kama diski ya pili, muifungue, mtoe faili zenu. Au mtieni santuri ya Linux inayofanya kazi bila kusimikwa, aanzie humo, mtoe faili, mzimishe. Mimi hutanguliza jambo hili. Kwanza tuokoe vyombo, halafu tutazame nyumba imeungua wapi.

Barua nyingi zimefika kuuliza kama mashine pepe hupata virusi. Hupata, sawasawa na kompyuta ya kweli. Windows XP ya zamani haifai kabisa kuunganishwa na intaneti. Ya kwetu tuliikatia mtandao, ikabaki na kazi yake ya hesabu.

Hili hapa zoezi la nyumbani, liandikeni. Kituo kimoja kina mashine pepe. Juzi karani alisafisha kompyuta, akahamisha faili kubwa kwenda diski ya nje, akaondoka nayo. Leo mwalimu amebonyeza ili mgeni aamke. Dirisha halikufunguka, mwenyeji ameandika kwamba faili moja haionekani. Mwalimu anataka kusimika Windows upya. Jibuni mambo mawili: kijiti kimeanguka mkononi mwa nani? Na mtamwambia nini mwalimu huyo? Mistari mitano yatosha, kwa mkono wako mwenyewe, na jina lako juu ya karatasi.

Mwalimu wa darasa atakusanya majibu siku ya Jumatano. Juma lijalo, saa kama hii, tutafungua kompyuta ya kweli na kuitazama ile betri ya duara. Mwenye bisibisi ndogo aje nayo. Kwaherini.